Poda Kabla Wimbo Haujaisha

Nthenya, mwaitu,

Kesho basi lenu likisimama hapa Makindu ili watu wanywe chai, wewe usishuke. Kaa dirishani, nitakuja nikupe karatasi hizi kwa mkono wangu. Nimeomba ruhusa kwa mnyapara wetu wa reli na amekubali, ila ameniambia nisirudi kazini na macho mekundu, watu wasije wakafikiri ni yeye aliyenipiga.

Mambo ya safari sitaandika. Habari za sanduku na sabuni, za watu wa kukaa nao na watu wa kuwaogopa, najua mama yako amekwambia zote, na kama kuna alilosahau, shangazi zako wamelikumbuka. Mimi nina jambo moja tu. Nimekuwa nalo tumboni tangu Mulandi arudi kutoka likizo.

Mulandi unamjua, ni yule wa kijiji cha ng'ambo ya mto mwenye kicheko cha kuamsha kuku. Tunalala chumba kimoja hapa landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alipofika, hata kabla ya kutua mzigo, alisema, "Wewe Musyoki, msichana wako amepata chuo cha ualimu, huko pwani." Niliruka, chai ikamwagika juu ya blanketi lake, na bado halijakauka vizuri. Nilitoka nje nikawaambia watu wote wa landhi, hata wale ambao tumenuniana nao. Niliporudi ndani nilimkuta Mulandi ananitazama kama daktari.

"Kaa kwanza," akasema. "Kuna kitu kingine. Wanasema siku ya kwanza kila mwanafunzi anaulizwa somo lake la ziada ni lipi. Mwalimu wake wa kwaya alitaka achukue muziki. Yeye amesema atachukua kushona."

"Kushona?"

"Kushona. Nilimkuta njiani anateka maji nikamwuliza, mbona? Akaniambia aliacha kuimba siku ile ya Kitui. Akasema wewe unajua ni siku gani."

Najua, Nthenya. Kopo lenyewe la poda liko hapa mezani mbele yangu.

Kushona si kubaya, hata shati nililovaa lilishonwa na mtu. Kama ungekuwa unapenda kushona ningekununulia uzi wote wa Makindu. Lakini wewe hupendi kushona. Ulipokuwa mdogo ulitoboa kidole ukaitupa sindano kwenye zizi la mbuzi, tukaitafuta mpaka mama yako akalia. Wewe unapenda kuimba, na umeacha kwa sababu yangu, na Jumatatu utasimama mbele ya watu useme kushona. Ndiyo maana leo sikungoja hata ugali uive. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hivyo mahali maneno yatakapopinda, yanyooshe mwenyewe.

Wenzako wa chuo wakiona nimekuita mwaitu watashangaa, ni baba gani huyu anamwita binti yake mama yangu. Waeleze kwamba kwetu Ukambani, mtoto akipewa jina la mama ya baba yake, baba humwita hivyo. Mimi nilikuita hivyo hata kabla hujafungua macho. Sikujua kwamba siku moja jina hilo litaniponza.

Acha nianze mbali kidogo. Mulandi amesoma ukurasa wa kwanza juu ya bega langu akasema, "Unaandika barua ama unajenga reli?" Nimemwambia alale.

Kabla hujazaliwa, nilipokuwa mgeni hapa Makindu, lilikuja gari la sinema. Walitundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa ghala, na giza lilipoingia tukaja sote, wafanyakazi wa reli, Wahindi wa maduka na familia zao, Makalasinga kutoka hekaluni kwao, na wachungaji wenye fimbo zao. Mimi sikuwa nimewahi kuona picha ikitembea. Ilikuwa sinema ya Kihindi, na kila mtu mle ndani alikuwa akiimba. Mtu akifurahi anaimba. Akifukuzwa kazi anaimba. Mimi nilidhani wamelewa.

Mama mmoja wa duka la vitambaa alikuwa ameketi karibu nasi, na sisi tukamfanya mkalimani. Kulikuwa na kijana anaondoka kwao, na mama yake amesimama mlangoni anaimba.

"Anasema nini?" Mulandi akauliza.

"Anasema, usiende."

Tukanyamaza. Wimbo ukaendelea.

"Na sasa?"

"Bado anasema usiende."

"Atasema mara ngapi?"

"Mpaka wimbo uishe."

"Huyu kijana angekuwa Mkamba," Mulandi akasema, "saa hii angeshafika Voi."

Watu wakacheka. Lakini wimbo ulikuwa mrefu, na yule mama akaendelea kusema usiende, na sauti yake ilikuwa ikipanda kidogo kila mara, kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Kicheko kikaisha. Nilimwangalia Mulandi, nikaona ameuma kofia yake. Nilimwangalia mnyapara, mtu ambaye alimzika kaka yake asubuhi na mchana akarudi kazini, nikaona machozi yameshuka mpaka kwenye ndevu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemshika mkono mtu nisiyemjua. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua neno moja la lugha ile isipokuwa usiende, na hilo tulipewa bure na mama wa vitambaa. Tangu siku hiyo nimekuwa mgonjwa wa muziki, Nthenya, na sijawahi kutafuta dawa.

Asubuhi yake tulikuwa na reli ya kubadilisha. Hujawahi kuniona nikiwa kazini, basi nikueleze. Chuma cha reli hakiinuliwi na nguvu. Leta wanaume hodari wa Kitui yote uwapange, kila mmoja akiinua wakati wake, wataumia migongo na chuma kitalala palepale kinawacheka. Kinainuliwa na wimbo. Mtu mmoja anaanza, wengine wanajibu, na pale kwenye kujibu ndipo mikono yote inapanda pamoja. Asubuhi hiyo hakuna aliyetaka kuanza, makoo yalikuwa bado yamejaa sinema. Halafu nikasikia sauti mbaya, nene, kama ya punda aliyefungwa kamba vibaya. Alikuwa mnyapara, anaimba ule wimbo wa yule mama, maneno ameyatunga mwenyewe. Tukajibu. Chuma kikapanda kama unyoya.

Baadaye kazi ya kuanzisha nyimbo ikawa yangu, na mpaka leo ni yangu. Mgongo umechoka, magoti yamechoka, lakini nikifungua mdomo na wale wanaume wakajibu, mwaitu, nakuambia ninakuwa kijana wa miaka ishirini. Wengine huniuliza nimevumiliaje kokoto na jua miaka yote hii. Hawajui kwamba mimi nimelipwa mshahara kwa kuimba nje mchana kutwa.

Na kwa sababu ya ugonjwa huu nimefanya makosa. Moja unalijua kwa kusimuliwa, lakini mama yako hulisimulia vibaya. Alinituma mabati. Nyumba ilikuwa ya nyasi na nyasi zilikuwa zimeoza. Nikaingia dukani nikiwa mtu mzima mwenye akili timamu, nikasikia gramafoni inalia kwenye kona, nikatoka na gramafoni. Nilitembea nayo kutoka kituoni mpaka nyumbani nimeibeba kichwani, na njia nzima nilikuwa na furaha, nikidhani mama yako Kalunde atafurahi pia. Alitazama kile kisanduku, akatazama nyuma yangu akitafuta mabati.

"Baba Nthenya," akasema, "hii tutaiweka juu ya paa?"

Usiku ule mvua ikanyesha, mvua ya Kitui isiyokuja ukiiita na inayokuja ukiwa huna paa. Nilirukia blanketi nikafunika gramafoni. Mama yako alisimama katikati ya nyumba, wewe ukiwa mgongoni na maji yakimtiririka usoni, akaniambia polepole, "Funika mtoto, Musyoki. Hiyo mashine haina kifua."

Hapo mama yako huishia, watu wakicheka. Lakini hasemi kilichofuata. Ulikuwa unalia, umelowa, hutaki maziwa wala nini. Nikaweka santuri kwa sababu sikujua la kufanya, nikazungusha mkono wa mashine, na wewe ukanyamaza. Uligeuza kichwa. Halafu, mtoto ambaye hata kusimama hujui, ukaanza kufuata ile sauti kwa koo lako, aa, aa, ikipanda unapanda. Mama yako, ambaye kwake wimbo usio wa kanisa ni wa shetani mpaka uthibitishwe, alikaa chini kwenye kigoda kilicholowa akasema, "Rudisha tena mwanzo." Tulirudisha mpaka mvua ikaisha. Kwa hivyo mimi sina haki ya kujisifu kuhusu gramafoni, na mabati nilichelewa sana kuyaleta, lakini usiambiwe kwamba nyumba ile haikuwa na paa usiku ule.

Sasa mama yangu, yule mwenye jina lako kwanza.

Unakumbuka vile maji yanachimbwa kwetu wakati wa kiangazi, kwenye mchanga wa mto uliokauka. Wanawake huchimba shimo mpaka wanaingia mabega, halafu wanangoja. Maji huja kidogo kidogo, kama jasho. Yakija ni ya tope, na lazima yaachwe yatulie ndipo uchote kwa kibuyu. Ukichota mapema unavuruga kila kitu, na foleni nzima nyuma yako inaanza kungoja upya. Mama yangu ndiye aliyekuwa akiimba pale shimoni ili watu wasigombane. Njoo polepole, maji, akaanza, na wanawake wote kwenye mstari wakajibu, hatuna haraka. Walikuwa na haraka sana, watoto walikuwa na kiu na ng'ombe walikuwa wanaanguka, lakini walijibu hivyo, na maji yakaja. Siku moja mimi nilishindwa kungoja nikatumbukiza kibuyu. Alinipiga mkono kofi, na hakuacha kuimba, lile kofi liliingia ndani ya wimbo kama ngoma.

Na alinifundisha kitu kingine, ambacho ndicho kilichotuvunja mimi na wewe. Alikuwa akinichukua kwenye ngoma za kijiji, kumsikiliza ngui. Ngui ni yule anayetunga na kuanzisha, na akiimba jambo likakuingia, hukai ukingoja amalize. Unaingia uwanjani wakati moto unawaka. Mwenye leso anamfunga leso, mwenye shanga anamvika, na baadaye maduka yalipokuja, mwenye poda anampaka poda shingoni na usoni, na ngui anaendelea kuimba akiwa mweupe kama mzimu, na kila mtu anajua kwamba wimbo umefika. Kukaa tu mikono ikiwa magotini mpaka mtu amalize, mama yangu alikuita unyimivu. "Umemnyima," angeniambia tukirudi nyumbani. "Amekupa kitu na wewe umekaa kama gunia."

Sasa tufike Kitui. Najua ndipo umekuwa ukingoja nifike.

Kilonzo, mwalimu wako wa kwaya, alinitumia ujumbe kwamba kwaya ya shule yenu imeingia tamasha na wewe ndiye unaanza. Mimi sikulala vizuri tena. Niliomba likizo, nikaenda dukani nikanunua poda, kopo la bati lenye maua, kubwa kuliko yote yaliyokuwa pale. Mulandi aliliona akauliza, "Hiyo yote ni ya shingo ya mtoto mmoja?" Nikamwambia ni ya kwaya nzima, lakini yeye atapata zaidi.

Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wamekalia hata madirisha. Nilipata nafasi katikati, kando ya mama mmoja mnene mwenye kilemba. Bwana mwenye kengele akasimama akatangaza kwamba hakuna kupiga makofi wala vigelegele mpaka kengele ilie. Nilimsikia vizuri kabisa. Alisema makofi na vigelegele. Hakusema poda.

Ukatoka mbele peke yako, miguu mitupu, kibuyu mkononi. Ukapiga magoti kama mtu aliye kando ya shimo. Mlikuwa mmenificha, wewe na Kilonzo, sikujua mtaimba nini. Ukafungua mdomo ukasema, njoo polepole, maji, na mama yangu akaingia ukumbini.

Sikumbuki nikiinuka. Nakumbuka yule mama wa kilemba amenishika koti.

"Mzee, keti."

"Huyo ni mama yangu," nikamwambia.

Alinitazama, akakutazama wewe mtoto wa shule na sare yako, akaliachia koti taratibu kama unavyoliachia koti la mwendawazimu.

Nikafika mbele. Kifuniko kikakataa kufunguka, nikakifungua kwa meno. Unajua kilichofuata. Ulikuwa umefika pale pa kupandisha sauti, ukavuta pumzi kubwa, na pumzi yote ikawa poda. Nilikuona unakohoa mpaka kibuyu kikaanguka kikapasuka. Ukanitazama mara moja, ukakimbia kwa mlango wa nyuma. Kwenye lori la shule uliniambia, "Baba, ungengoja. Watu wote wamenicheka." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kuhusu siku hiyo, na nasikia hata wenzako wa kwaya uliwakataza kuitaja. Shule yenu haikupata kitu. Mimi nilipanda basi jioni nikarudi kwenye reli, na nikija likizo unaniwekea chakula kwa heshima zote, na nyumba imenyamaza. Mama yako anasema hata kanisani unafungua mdomo bila kutoa sauti.

Sasa sikiliza, kwa sababu ni kwa ajili ya hili nimetumia mafuta yote haya ya taa. Wewe ulitoka mbio. Mimi nilibaki. Nilikuwa nimesimama pale mbele na kopo mkononi, nimewageukia watu, kwa hivyo mimi niliona na wewe hukuona.

Hawakucheka, Nthenya. Kicheko ulichosikia kilikuwa cha watoto waliokuwa nje, wakining'inia dirishani, na walinicheka mimi, mzee aliyejaa poda mpaka kope. Ndani hakuna aliyecheka. Yule bwana wa kengele alikuwa ameiinua kengele yake juu na mkono ukagandia hapo, haupigi. Wale wasichana wa sare za buluu, waliokuwa waimbe baada yenu, waliokuwa wanaomba mkosee, walikuwa wanapangusana machozi. Yule mama wa kilemba alikuwa amesimama, koti langu halishiki tena, anashika kifua chake.

Wenzako wa kwaya walinyamaza kwa sababu anayeanza hayupo. Halafu katikati ya ukumbi mwanamke mmoja akajibu, chini chini, hatuna haraka. Mwingine akajibu. Wote wale ni watu wa Kitui, hakuna ambaye hajangoja kando ya shimo la mchanga. Wakajibu ukumbi mzima, na wale wa buluu pia, na Kilonzo amefunika uso kwa karatasi zake. Wakimaliza kujibu wakawa wananyamaza, kadiri ya urefu wa ule mstari wako, hakuna hata mmoja aliyethubutu kuuimba. Wananyamaza, wanakuachia nafasi. Halafu wanajibu tena. Wananyamaza. Wanajibu. Wakati huo wewe, nilivyoambiwa baadaye, ulikuwa nyuma ya jikoni unaosha uso, na maji ya bomba yalikuwa yakipiga kelele kwenye debe, ndiyo maana hukusikia. Waliendelea mpaka bwana wa kengele akakumbuka kuwa ana kengele.

Nimesikia ngui wakubwa. Nimesikia yule mama wa sinema. Jumapili nikiwa na njaa huenda kwa Makalasinga, wananipa chakula bila kuniuliza dini, nafunika kichwa, nakaa chini, nasikiliza ngoma zao ndogo mbili na kinanda cha mvukuto mpaka nasahau kula. Lakini sijasikia kitu kama kile kimya mlichokuwa mnaimba pamoja na ukumbi ule, na wewe hupo.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Kwenye lori ulikuwa umegeuza uso, na nilijua kwamba nikisema walilia, utasikia baba yako anajitetea. Nikasema nitakuandikia. Nikaanza kukuandikia nikachana, kwa sababu kila nikisoma nilijiona mimi katikati na kopo langu. Halafu nikasema acha muda upite, na muda ukapita kweli, ukapita na sauti yako. Nilidhani nangoja maji yatulie. Kumbe kulikuwa hakuna anayechimba.

Nimefikiria sana kuhusu mama yangu na yale mafundisho yake mawili. Kwenye ngoma usingoje. Kwenye shimo ngoja. Mimi sikuwahi kujiuliza nipo wapi. Wimbo ulikuwa wa shimoni na mimi nikaingia kama niko ngomani. Hilo ndilo kosa langu, na sikulifanya kwa kukudharau. Nilikuwa nimefurahi kuliko kifua changu kinavyoweza. Ukiwa mwalimu utawakuta wazazi kama mimi wamekaa katikati ya ukumbi, wameficha kitu ndani ya koti. Waweke karibu na mlango. Lakini usiwatoe nje.

Sikuambii uchague nini Jumatatu. Nilikuwa nimeandika hapa maneno makali ya kukuamuru, Mulandi akasema, "Umesharukia mtoto mara moja, unataka tena?" Nimeyakata, ndiyo huo wino mweusi unaouona. Ukisema kushona, nitakuwa baba wa mshonaji, na nitavaa nguo zako hata zikinibana. Nilitaka tu uchague ukijua kilichotokea ukumbini, si kile ulichodhani kilitokea.

Kesho pamoja na barua nitakupa kopo. Bado lina zaidi ya nusu, ile iliyobaki baada ya kukumwagia. Kifuniko nimekifunga kwa waya wa reli, hakuna meno yanayoweza kukifungua. Ni lako. Siku moja utakuwa na darasa, na kutakuwa na mtoto ambaye akiimba utasikia kifua chako kimekuwa kidogo. Ngoja amalize. Ngoja hata kengele ilie. Halafu fungua. Mimi nimejibakizia kidogo kwenye kipande cha gazeti, Mulandi ameona na ameahidi kutonisema. Kama siku moja nitaalikwa mahali unapoimba, nitakaa mstari wa mwisho kabisa, na mikono yote miwili nitakuwa nimeikalia.

Basi halikai hapa. Dereva akimaliza chai yake anapiga honi, na sisi hatutakuwa na muda wa kuongea, na tukiwa nao hatutaweza. Kwa hivyo nitakwambia sasa nitakachofanya. Likianza kuondoka nitasimama hapo kando ya barabara na nitaimba ile sehemu ya kujibu. Hiyo tu. Watu wa Makindu wameshanizoea. Nitaimba, halafu nitanyamaza kadiri ya mstari wako, halafu nitaimba tena, mpaka basi lipotee kwenye mteremko wa Kibwezi, na baada ya hapo nitarudi kwenye reli niendelee kuimba pale.

Kama hutajibu kesho, sawa. Kama ni Jumatatu, au mwaka ujao, au siku una mtoto wako mwenyewe mgongoni na mvua inaingia ndani, sawa pia. Nafasi yako iko wazi, na mimi nimejifunza wimbo.

Hatuna haraka, mwaitu.

Baba yako,
Musyoki